Fedha Yenye Tundu

Mimi ni karani wa Wizara ya Fedha, Mtumba,
ghorofa ya tatu, dirisha linalotazama vumbi,
na kwa miaka kumi na mmoja sijaona humo
hata chembe ya fedha.
Nimeona karatasi. Nimeona tarakimu
zikihamishwa safu hii kwenda safu ile
kama ng'ombe wa mahari wasiotoka zizini.

Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi,
mshahara ukishaingia na kabla haujatoka,
nashuka Barabara ya Tano kwa sonara Jayantilali.
Anafunga mlango wa wavu, anawasha taa ya mezani,
anamwaga juu ya kitambaa cheusi alichookota mwezi huo:
rupia za Mjerumani,
reale za yule mama mnene wa mwaka 1780,
shilingi za simba, ambazo robo tu ni fedha
na robo tatu ni maneno ya serikali.

Amenifunza. Kwanza sumaku: ikinasa, asante, kwaheri.
Kisha kipande cha barafu kutoka friji ya soda;
juu ya fedha ya kweli kinaanza kulia papo hapo,
kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.
Mwisho unaiweka sarafu kwenye ncha ya kidole,
unaigonga kwa nyenzake, unasikiliza.
Bati husema *ko*.
Fedha husema, halafu huendelea kusema.

Yoeli, mume wangu, aliuliza mara moja tu:
Hivyo vinazaa?
Nikamjibu: Havifi.
Kiangazi kile kilikuwa kimemla kaka yake mbuzi tisa, kule Chamwino.
Akaendelea kunywa uji.

Rupia yenye tundu niliipata mwezi wa pili,
maghala yakiwa yamefagiliwa hadi kwenye pembe.
Upande mmoja Mjerumani na kofia yake ya tai,
pua imeisha;
upande wa pili laini kama kokwa ya ukwaju,
imesugua vifua vya watu wangapi, sijui.
"Tundu limekula uzito," alisema Jayantilali,
akapunguza elfu tatu.
Nikalipa elfu thelathini. Nikaitia mkebeni,
mkebe wa maziwa ya unga, chini ya kanga za msiba,
ikawa ya kumi na saba.

Mwezi wa nane akaja Dorika Mbeleje, wa Hombolo.
Sonara ndiye aliyemwelekeza.
Hakuketi. Alisema: Ni ya bibi.
Aliivaa, akamvisha mama, mama akanivisha mimi,
niliiuza kwa debe mbili za mahindi.
Sasa mjukuu wangu amezaliwa,
na zabibu zimetoka vizuri.

Mimi ni karani. Bei ya asubuhi ile niliijua,
naifuatilia kwenye simu kila siku kabla ya kunawa uso.
Mdomo ulifunguka wenyewe:
Elfu hamsini na mbili.

Nilimpa nafasi ya kubishana. Naapa, nilimpa.
Nilikuwa na arobaini tayari, na thelathini nyuma yake,
na nyuma ya thelathini kitu kingine
ambacho sikupata kukijua.
Yeye akafungua pindo la kitenge,
akahesabu, akilamba kidole kila baada ya noti tano,
noti zinazonata, zenye harufu ya zabibu zilizopondwa.
Hakuipima. Hakuomba barafu.
Alitoa uzi mweusi, akauchonga ncha kwa meno,
akaupitisha kwenye lile tundu
nililopunguziwa elfu tatu,
akafunga fundo, akasema: Mungu akuzidishie.

Akazidisha. Elfu ishirini na mbili,
faida safi, isiyo na risiti.

Usiku nilizitia noti mkebeni pamoja na wale kumi na sita.
Nikaufunika, nikautikisa sikioni
kama nilivyozoea kabla ya kulala.

*Ko*, ukasema.